Mbeya reli nyepesi inawezekana, na sehemu ya kazi wazee wetu walishaifanya

Leo naandika kwa urefu kidogo mnivumilie, ni kuhusu usafiri wa hapa jijini kwetu. Nimekuwa nalisema hili kwa mtu mmoja mmoja, kwenye daladala, saluni, kanisani baada ya ibada, na kila nikilisema watu wanasikiliza dakika mbili halafu wanasema hayo mambo ya Ulaya bwana, Dar wenyewe wana mwendokasi tu, sisi Mbeya nani atatuletea treni ya mjini. Mimi naamini inawezekana na nataka nieleze kwanini.

Naposema treni simaanishi SGR wala treni ya kwenda Dar. Nasema treni ndogo ya mjini, reli nyepesi, ya kukutoa Uyole ukashuka Mafiati, au kukutoa Mbalizi ukafika mjini kabla kipindi cha kwanza hakijaanza.

Angalieni jiji letu lilivyokaa. Kaskazini kuna Loleza, kule hatuwezi kupanuka tukafika mbali, kwahiyo watu wamejenga kufuata barabara ya TANZAM, ile barabara kuu ya kwenda Zambia, ukitoka Uyole unapita Nanenane, Sae, Ilomba, Soweto, Mwanjelwa, Mafiati, halafu unazikuta Nzovwe na Iyunga, unateremka Iwambi mpaka Mbalizi, na ukiendelea mbele kuna uwanja wa ndege wa Songwe. Mitaa yote imechomekwa kwenye barabara moja kama nyama kwenye mshikaki. Sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya watu laki tano ndani ya halmashauri ya jiji peke yake, na hapo hujawahesabu wa Mbalizi ambao kiutawala ni halmashauri nyingine lakini kila asubuhi safari yao ni mjini. Mji uliosambaa pande zote unahitaji njia nyingi za usafiri ndio kila mtu afikiwe, ila mji mrefu mwembamba kama wetu njia moja tu nzuri inamgusa karibu kila mtu. Hii ni bahati ambayo majiji mengi hayana na sisi tunaiona kero tu.

Na kweli ni kero. Nenda Uyole saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka chini na baridi inakata masikio. Hiace inakuja imeshajaa, konda ananing'inia mlangoni anapiga kelele wawili tu, wawili wa kusimama, na watu ishirini wanaikimbilia. Siku moja kulikuwa na mama ana ndoo ya maziwa, juu kaifunga kanga ili yasimwagike, konda anamwambia mama hiyo ndoo ina nauli yake, mama anasema sawa mwanangu nitalipa, akamaliza kusema gari ikaondoka bila yeye. Wanafunzi wanasimama pembeni kabisa, hawakimbii hata, wanajua hawatachukuliwa maana nauli yao ndogo. Binti mmoja kavaa ndala, viatu vya shule kavishika mkononi visichafuke, akanisogelea, "Shikamoo anko, naomba nikipanda uwaambie mimi mwanao." Nikamwambia marahaba, twende. Konda akakubali tukapanda wote, lakini kwa sharti binti alipiwe nauli ya mtu mzima.

Ukishindwa Hiace kuna bajaji, tena kwa Mbeya bajaji ndio zimetubeba kweli kweli, mnachangia watu kadhaa kila mtu analipa chake. Nawaheshimu sana wale vijana. Ila bajaji kwenye barabara hiyo hiyo ambayo roli la shaba linatoka Tunduma na tenka la mafuta linaenda Zambia, hapana jamani. Barabara yetu ya kwenda sokoni ndio barabara ya Kongo kwenda bandarini. Mteremko wa Iwambi na ule wa Mlima Nyoka kila mtu wa hapa anaujua, roli likikata breki halichagui, na wengi wetu tuna mtu tuliyemzika kwa sababu hiyo. Kwahiyo naposema tuwatoe abiria kwenye ile lami wawe na njia yao sio anasa, kwangu hili ni la uhai.

Sasa reli nyepesi yenyewe ni kitu gani. Ni mabehewa mafupi na mepesi kuliko ya treni ya kawaida, behewa lenye urefu wa mita kama 30 hivi linabeba karibu watu 200, waliokaa na waliosimama, na dereva ni mmoja. Hapo umeondoa Hiace zaidi ya kumi barabarani kwa mkupuo. Inapiga kona kali kuliko treni ya kawaida, na inapanda mlima. Hilo la mlima nalisema kwa herufi kubwa maana Mbeya watu swali lao la kwanza ni hilo, itapandaje kutoka Mafiati kwenda mjini? Pale Sheffield, Uingereza, wana tramu tangu 1994 na zinapanda mwinuko unaofika asilimia 10, mji wenyewe umejaa vilima. Treni kubwa ya mizigo haiwezi hata nusu ya hapo, ndio maana TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilizunguka huko chini na stesheni ikawekwa upande wa Iyunga, sio katikati ya mji.

Na hapa ndio kwenye kiini cha ninachotaka kusema. Reli tunayo. TAZARA ilianza kujengwa 1970, ikakabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na inapita hapa kwetu, inatuunganisha na Makambako upande mmoja na Tunduma upande mwingine. Baba yangu mdogo alifanya kazi karakana ya TAZARA hapa Mbeya mpaka akastaafu, na alikuwa akinipeleka kuangalia mataruma, ananionyesha wapi kokoto zimeliwa na maji, ananiambia reli ikitunzwa inazika waliojenga na wajukuu zao. Udongo ulishachimbwa, madaraja yapo, tuta lipo. Hata kokoto, TAZARA wana machimbo yao ya Kongolo hapa hapa mkoani. Lakini mtu wa Sae au Mwanjelwa hiyo reli haimsaidii chochote, anaisikia ikipiga honi usiku basi. Ukishuka stesheni bado unatakiwa upande bajaji ndio ufike mjini, na kama ni hivyo mtu ataona bora nipande Hiace moja kwa moja.

Tatizo hili hili la stesheni kuwa mbali na mji wenzetu walilipata wakalitatua. Kuna mji unaitwa Karlsruhe, Ujerumani. Stesheni yao kuu iko kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji, kwahiyo watu wa vijijini walikuwa wanakuja na treni, wanashuka, wanahamia tramu, wakachoka wengi wakanunua magari. Wale mainjinia wakafikiria kwanini tumshushe abiria, kwanini gari lenyewe lisitoke kwenye reli kubwa likaingia mtaani? Mwaka 1992 wakaanza, tramu inatoka mji mdogo wa Bretten, inatembea kwenye reli kubwa pamoja na treni za kawaida, ikikaribia mjini inachepuka inaingia kwenye reli za mtaani inamshusha mtu dukani. Abiria wakaongezeka mara kadhaa na miji mingine ikaja kujifunza. Kuna mji mwingine huko huko Ujerumani, Zwickau, wao tangu 1999 wanaingiza mjini treni ndogo ya dizeli, haina hata waya wa umeme juu. Hii ya dizeli muishike akilini, maana mtu akisikia reli nyepesi anafikiria nguzo na nyaya kila sehemu na umeme wenyewe tunaujua unavyokatika.

Sasa chukueni hiyo picha muilete Mbeya. Treni ndogo inatoka upande wa Songwe kwenye reli ya TAZARA, inapita inabeba watu wa Mbalizi, inafika Iyunga inabeba wanafunzi wa chuo cha MUST, pale Iyunga inachepuka, inapanda kwa reli mpya fupi kwenda Mafiati, Kabwe, Mwanjelwa. Hiyo sehemu mpya ndio ya kujenga, kilomita chache. Sehemu nyingine ni kukarabati kilichopo, kuweka vituo vya zege, vibanda vya mvua, na sehemu za treni kupishana. Baadaye, pesa ikipatikana, ndio unavuta kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni Toyama, Japani. Mji wa watu kama laki nne na kidogo, yani ni mdogo kuliko sisi. Walikuwa na kireli cha zamani cha kwenda bandarini, kilomita kama nane, treni inapita baada ya nusu saa au lisaa, abiria wanapungua kila mwaka, shirika linataka kukifunga. Badala ya kukifunga wakakigeuza reli nyepesi mwaka 2006. Wakaongeza vituo, wakaleta mabehewa ya sakafu ya chini ambayo bibi mwenye mkongojo anaingia bila kupandishwa, na treni zikawa zinapita kila robo saa. Abiria siku za kazi wakawa zaidi ya mara mbili. Na sikilizeni hili, upana wa ile reli ni milimita 1,067, ambao ndio upana wa TAZARA! Japani karibu reli zao zote za kawaida ni za upana huo, na treni zao ndogo za dizeli wakizichoka wanazitoa kwa nchi nyingine, Ufilipino wameshapewa, na reli yao nao ni 1,067. Mtu akiniambia mabehewa tutayatoa wapi mimi namwonyesha huko kwanza kabla ya kwenda kuomba mkopo wa mabehewa mapya ya mabilioni.

Kuhusu gharama kuna Ottawa, Kanada, walianza 2001 na majaribio, kilomita 8 kwenye reli ya mizigo iliyokuwepo, vituo vitano, treni tatu za dizeli, njia moja ina sehemu ya kupishana. Iliwagharimu dola zao milioni 21 hivi. Kwa mradi wa reli hiyo ni pesa ndogo, na walianza hivyo kidogo kidogo ili waone watu watapanda au hawatapanda. Watu wakapanda.

Na msiseme Tanzania haijawahi. 2012 Dar ilianza treni ya abiria wa mjini, ile watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule na mtu wa Kyela kabisa, ndugu yetu. Na moja ya njia zake ilikuwa ni TAZARA hiyo hiyo, mabehewa yale yale ya zamani yaliyokarabatiwa. Hawakusubiri mpaka kila kitu kiwe kipya. Kilichonigusa mimi ni kwamba watu walijaa tangu wiki za mwanzo, mtu akipata kitu chenye muda unaoeleweka na hakikai kwenye foleni anakipanda hata kama kiti ni cha mbao. Kama mtoto wa Kyela aliwapa Dar, sioni kwanini nyumbani kwao isifike.

Nina mfano mmoja wa kututahadharisha, Addis Ababa. Wao walifungua reli nyepesi ya umeme 2015, kilomita zaidi ya 30, dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Siku za mwanzo nauli rahisi, watu wamejaa, kila mtu Afrika anaitamani. Walinunua treni 41. Baada ya miaka michache nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri na pesa ya kuvinunua, zinazotembea zikawa chache, watu wakarudi kugombania magari. Mimi simlaumu mtu wa Addis, walithubutu. Ila somo nalolichukua ni kwamba matengenezo yawe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza na mafundi wawe wetu. Sisi hapo tuna kitu cha kujivunia maana karakana ya reli ipo hapa, wapo wazee waliostaafu juzi juzi wanaojua kusikiliza injini wakakuambia ugonjwa, na MUST ni chuo cha sayansi na teknolojia kilichopo kwenye jiji hili hili. Wafundishwe vijana sasa hivi, sio siku mabehewa yanashushwa.

Muda pia unatubana, na hii ndio sababu nimeandika leo. Barabara ya njia nne inajengwa, kutoka Nsalaga huku Uyole mpaka Ifisi kule Mbalizi, kilomita 29. Nimefurahi kama kila mtu, tuliisubiri miaka. Lakini barabara ikishapanuka, maduka yanasogea, vibanda vinasogea, mtu anajenga fremu mpaka kwenye mtaro, na kila futi inayojengwa leo kesho utailipia fidia. Tunachotakiwa kuomba sasa ni kitu kidogo, ukanda wa reli uchorwe kwenye ramani ya mipango miji, uwekewe alama ardhini, kuanzia Iyunga kupanda Mafiati mpaka Mwanjelwa, na kutoka hapo kwenda Uyole, watu wajue hapa hapajengwi. Mauritius walifunga treni ya abiria 1956, wakaja kujuta kwenye foleni miaka mingi, na walipojenga Metro Express, reli nyepesi yao iliyoanza safari za kulipia 2020, sehemu kubwa waliifuatisha kwenye njia ile ile ya reli ya zamani, kutoka Port Louis baharini mpaka Curepipe kule juu kwenye baridi yao. Nafasi ikishaliwa na majengo hairudi bila vilio, na wanaolia siku zote ni wenye vibanda.

Halafu kuna hili la TAZARA yenyewe. Mwaka 2024 Beijing Tanzania, Zambia na China walisaini makubaliano ya kuifufua, kampuni ni CCECC ya ujenzi ya Wachina, na pesa inayotajwa ni dola bilioni 1.4. Ni habari njema sana, maroli yatapungua barabarani. Ila reli ikijaa mizigo, nani atakumbuka mama wa maziwa? Ndio maana nasema madiwani wetu na wabunge wa Mbeya na Songwe waingie sasa waseme sisi tunataka nafasi ya treni ndogo za abiria asubuhi na jioni, iandikwe. Haigongani na mizigo kama ikipangwa. San Diego kule Marekani tramu zao tangu 1981 zinatumia reli ambayo usiku inapitisha mizigo, mchana ni ya watu. Kwetu mizigo itatembea masaa yote kwahiyo tutahitaji njia za kupishana zaidi na ishara za uhakika, mtu wa reli anaelewa, sio muujiza.

Kijana mmoja wa bajaji pale Kabwe nilimweleza haya yote akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho, akasema, "Sawa kaka, na sisi tutakula wapi? Hii chombo bado nalipa marejesho." Lile swali halikuniacha. Treni haiingii Itezi ndani, haipandi Isyesye, haifiki Ituha, haimfikishi mtu mlangoni na gunia lake la viazi. Bajaji itabaki na kazi, tena safari fupi fupi za kutoka kituoni kwenda mtaani, mafuta kidogo, hatari ya roli hakuna. Lakini haitokei yenyewe, lazima kila kituo kiwe na eneo lao la kuegesha lililochorwa tangu mwanzo, na vyama vyao vikae mezani kwenye mipango kabla mkandarasi hajaja. Wenye Hiace pia, mwendokasi ya Dar ilipoanza 2016 daladala ziliondolewa kwenye zile barabara, na mwenye gari la mkopo wa benki hali yake mnaweza kuifikiria wenyewe. Kwetu wapewe njia za kulisha vituo, Igawilo, Iwambi ndani, Ifisi, kwa mkataba unaoeleweka.

Na nauli. Ikiwa juu kuliko Hiace hata kidogo, tusijenge. Mwanafunzi alipe nusu na asizuiwe mlangoni na mtu yeyote, behewa la watu 200 halina sababu ya kumkataa mtoto mwenye sare. Kuwe na sehemu ya ndoo, madumu na magunia, behewa la nyuma viti viondolewe upande mmoja, maana huu ni mji wa viazi, mchele, ndizi na maziwa, na abiria wake wengi saa kumi na mbili asubuhi ni akina mama wenye mizigo. Hata ratiba ipangwe kwa kuwaangalia wao, treni ya kwanza kutoka Mbalizi iwe inaondoka saa kumi na moja, soko la Mwanjelwa likifunguliwa wawe wameshafika.

Diwani wangu nimeshamwambia nitakuja kwenye kikao cha kata na ramani niliyoichora. Wewe wa Uyole, wa Iyunga, wa Nzovwe, wa Mbalizi, nenda na wewe kwa wa kwako, umuulize swali moja tu, ukanda wa reli uko wapi kwenye mpango wa mji.